Mstari wa tatu wa peyoti ndo unaosumbua, usiache kwanza

Pole sana ndugu uliyeuliza kwa nini shanga zako zinajikunja kila ukifika mstari wa tatu, eti umeshafumua mara nne na unataka kuachana kabisa na peyoti, huu mshono wa kuunganisha shanga kwa sindano na uzi. Usiache. Hapo ulipokwama ndo pagumu kuliko kwingine kote kwenye huu mshono, mimi mwenyewe nilikaa hapo wiki nzima, na kitu ambacho hakuna aliyenieleza ni kwamba zile shanga unazotunga mwanzo siyo mstari mmoja, ni mstari wa kwanza na wa pili kwa pamoja, bado hazijaachana. Ukianza wa tatu ndo unazitenganisha, moja inashuka moja inapanda, ndo maana zinazunguka kwenye uzi zinavyotaka.

Kilichonisaidia ni rangi. Hizo shanga za rangi moja ziweke pembeni kwanza, chukua nyeupe, nyeusi na nyekundu, na kama unatumia saizi 11 hamia saizi 8 (namba ikipungua ushanga unakuwa mkubwa), hizo ndogo utazirudia mkono ukishazoea. Uzi mita moja na nusu unatosha, mrefu zaidi ya hapo utashinda unafungua mafundo.

Weka ushanga mmoja wa kuzuia mwishoni mwa uzi, pitisha sindano ndani yake mara ya pili kwa upande uleule ili usiteleze, uache mkia kama shibiri moja. Kisha tunga shanga 10, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, anza na nyeupe malizia na nyeusi. Sasa okota nyekundu, ruka ile nyeusi ya mwisho, pitisha sindano kwenye nyeupe inayofuata ukiwa unarudi ulikotoka. Okota nyekundu nyingine, ruka nyeusi, ingia nyeupe. Nyeusi huingii hata moja. Ukifika mwisho utakuwa umeweka nyekundu 5, na ule ushanga wa kuzuia usiupitie.

Kitaonekana kibaya, kimejipinda kama mnyoo. Hapo ndo watu wanafumua na mimi nilikuwa nafumua hapohapo. Usifumue! Shika mkia kwa mkono mmoja na uzi wa sindano kwa mwingine, vuta taratibu, halafu laza kazi juu ya kitambaa uzisukume shanga kwa kucha mpaka nyekundu zichomoze juu na nyeupe zibaki chini yake katikati, kama meno ya zipu. Ukishayaona hayo meno umemaliza ugumu wote, kwa sababu mstari wa nne ni kujaza tu mapengo: okota rangi nyingine, ingia nyekundu, okota, ingia nyekundu. Kila mstari unaingia kwenye rangi uliyoweka mstari uliopita, basi. Kuanzia wa tano hivi kazi inashikana yenyewe mkononi.

Mkazo pia uangalie. Kaza kila baada ya ushanga mmoja, ukisubiri mpaka mwisho wa mstari uzi unaonekana katikati ya shanga na huwezi tena kuuvuta ukakaa sawa. Ila usikaze mpaka kipande kikunjamane, kilale bapa.

Na ukikosea, nakuomba sana, usirudishe sindano kinyumenyume. Ncha inachoma uzi uliomo ndani ya ushanga, inaupasua, na hapo hutoki wala huingii. Vua sindano kwenye uzi kisha uchomoe uzi ushanga mmoja mmoja. Nilishaharibu kipande cha mistari 30 kwa kosa hilo, ikabidi nikate uzi wote na bado roho inaniuma.

Idadi ya mwanzo iwe inayogawanyika kwa mbili, 10 au 12. Ukianza na 9 au 11 kona ya kugeukia upande mmoja haina ushanga wa kuingilia, inabidi uzungushe uzi kwa njia nyingine na hilo siyo la kujifunza leo.

Jaribu usiku huu hizo 10 tu, mistari sita, halafu urudi useme kama meno umeyaona.