Ukikosa unakatwa: ujibu au uache wazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Ngamiani hapa Tanga, juzi nimeenda usaili wa kuandika, maswali 40 ya kuchagua A mpaka D, msimamizi akasema ukikosa moja unakatwa theluthi ya maksi, basi nikaogopa, 12 nisiyo na uhakika nayo nikayaacha wazi. Shoga angu tuliyesoma wote tangu fomu wani, na darasani hanishindi, yeye kajibu yote na kaitwa. Hivi walipima akili au ujasiri?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Walipima vyote viwili, na ndo ubaya wenyewe.

Hiyo theluthi ina hesabu yake. Majibu yapo 4, ukipiga ana ana ana do kwenye maswali 12 kwa wastani unapata 3 unakosa 9, theluthi ya 9 ni 3, zinafutana. Wanaokata wana hoja, maana bila hivyo bahati inaingia kwenye maksi, mtu yuleyule leo anapata 1 kesho 5 kwenye maswali yaleyale, sasa mtihani wa hivyo utautegemeaje?

Lakini hesabu hiyo inamchukulia mtu kwamba ama anajua kabisa ama hajui kabisa, na hapo mi sikubali hata kidogo. Nani yuko hivyo? Wewe kwenye hayo 12 naamini mengine ulishaona A na C siyo, ukababaika kati ya B na D tu. Tuseme yote yangekuwa hivyo, kwa wastani ungepata 6 ungekosa 6, unakatwa 2, zinabaki 4. Maksi 4 nzima mwanangu, zimekwenda kwa sababu ya woga, na mtihani uliowekwa kupima uwezo ukishaanza kupima woga uhalali wake umeingia doa.

Wamarekani kwenye SAT, mtihani wao wa kuombea nafasi ya chuo kikuu, walikuwa wanakata robo kwa kila kosa, majibu yakiwa 5, mwaka 2016 wakaacha. Naona walifanya vyema, ila asiyekata aweke maswali mengi, mtihani ukiwa mrefu bahati inapungua nguvu.

Siku nyingine uliza kabla hujashika kalamu, kosa wanakata ngapi. Wakisema theluthi na majibu ni 4, ukishafuta hata jibu moja tu kwa uhakika, lijibu hilo swali. Wakisema hawakati, usiache hata swali moja wazi.