Picha ya somo la Jumapili: tafuta kwa andiko, acha kutafuta kwa neno

Mleta mada anataka picha ya Mwana Mpotevu ya kuweka kwenye karatasi ya ibada na ya kurusha ukutani kwa projekta. Ameingia Art in the Christian Tradition, maktaba ya picha ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Nashville, akaandika "mwana mpotevu", akatoka kapa. Mtambo ule unasoma Kiingereza, kwa hiyo hapo hakuna la ajabu. Ila hata ukiandika "prodigal son" utapata sehemu tu ya vilivyomo, kwa sababu kazi nyingi za kanisani zimeandikwa kwa jina la kitu au jengo, si la tukio. Dirisha la vioo vya rangi la mfano huu lililoko kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, linaweza kukaa chini ya jina la kanisa kuu, nawe ukalipita.

Dawa yake ni andiko. Kila picha ina sehemu ya Scripture. Fungua orodha ya vitabu vya Biblia, nenda Luke, kisha sura ya 15. Usibanwe na mistari: picha moja imeandikiwa 15:11-32, nyingine 15:20 peke yake, kwa hiyo pitia sura nzima. Kwa matukio yaliyomo katika Injili zaidi ya moja, mfano kusulubiwa, kagua zote nne. Mamajusi wako Mathayo 2 na wachungaji Luka 2, na wachoraji wengi huwachanganya katika picha moja.

Njia ya pili ni kalenda ya masomo ya Biblia ya kila Jumapili, yanayozunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, ambayo Vanderbilt wanaiweka pamoja na picha za kila Jumapili. Hapa ndipo watu wanapopotea. Kalenda hiyo ni Revised Common Lectionary ya 1992, ya makanisa ya Kiprotestanti, na haifanani kila mahali na ya Wakatoliki. Dominika ya 4 ya Kwaresima Mwaka C wote wanasoma Mwana Mpotevu. Lakini Dominika ya 24 ya Mwaka C, Wakatoliki wanaweza kusoma Luka 15 yote, wakati ile ya Kiprotestanti inaishia mstari wa 10: kondoo na shilingi iliyopotea basi. Mkatoliki akifuata kiungo cha siku hiyo atabaki na kondoo. Kujua mwaka ni rahisi: namba ya mwaka ikigawanyika kwa 3, ni C (2025 ilikuwa C), ila mwaka wa kanisa unaanza Majilio ya mwaka uliotangulia.

Ukishapata picha, soma maelezo yake kabla ya kuipakua. Angalia ni dakika ipi ya hadithi. Wachoraji wa zamani wa Ulaya hawakuchagua dakika moja: Dürer alimchora kijana akiwa amepiga magoti kati ya nguruwe, Rembrandt na Murillo wakachora kurudi kwake. Mahubiri ya baba mwenye huruma yakiambatana na nguruwe wa Dürer, waumini watajiuliza baba yuko wapi. Kwa watoto wa Sunday school mimi ningechukua zile za JESUS MAFA, mfululizo wa picha za Injili ulioanzia kwa Wakristo wa Kamerun miaka ya 1970: watu weusi, nyumba za kijijini, tukio linasomeka hata kutoka benchi la mwisho.

Kisha soma masharti. JESUS MAFA hairuhusiwi kwa biashara. Karatasi ya ibada inayogawiwa bure haina shida, mradi uandike chanzo kama kilivyowekwa kwenye sehemu ya Attribution. Kalenda ya usharika inayouzwa ni biashara, hata kama fedha inakwenda kwenye bati la kanisa.

Ukubwa ndio unaoharibu kazi nyingi. Kile kipicha kidogo kwenye matokeo ya utafutaji si faili lenyewe. Ukikihifadhi hicho kitatoka na ukungu. Projekta nyingi zinatosheka na upana wa pikseli 1920. Kuchapa kwa sentimita 10 kunataka pikseli kama 1180, na A4 nzima 2480 kwa 3508. Vanderbilt wakiwa na faili dogo, chukua jina la kazi na la msanii uende kwenye tovuti ya jumba la makumbusho lenye kazi hiyo: ile ya Murillo iko National Gallery of Art, Washington, ambao picha zao za kazi zisizo na hakimiliki ni za bure kabisa.

Kama karatasi inapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, achana na michoro ya mafuta. Ile ya Rembrandt iliyoko Hermitage, jumba la makumbusho la St. Petersburg, Urusi, ina giza karibu pande zote, na fotokopi itaigeuza doa jeusi. Tumia nakshi yake ya 1636 ya tukio hilohilo, iliyochapwa kwa bamba la shaba. Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, wanaitoa bure kwa ukubwa mzuri. Ni mistari mitupu, inatoka safi hata kwenye mashine iliyochoka.

Na ukimtumia mtu wa stationery kwa WhatsApp, itume kama document. Ukiituma kama picha, WhatsApp itaibana na pikseli nyingi ulizohangaikia zitapotea.