Risiva ambayo mama ataiwasha mwenyewe

Mama alikuja Dar kutoka Lushoto kutibiwa macho, akakaa nasi miezi miwili. Jioni ya tatu, saa mbili kasoro, nikiwa bado kazini, simu ikaita. "Mwanangu, watu kwenye TV wanafumbua midomo tu, sauti hakuna." Nikaanza kumwelekeza: shika rimoti nyeusi, siyo hiyo, ile ndefu. Maandishi yake madogo hakuweza kuyasoma. Taarifa ya habari ikaisha hatujafika popote, na mimi nikarudi nyumbani na uchungu moyoni.

Sebuleni nilikuwa na risiva ya chaneli saba, yaani ya kuendesha spika saba, na rimoti tatu, na mpangilio wake niliujua peke yangu. (Risiva ninayoisema siyo king'amuzi. Ni ile amplifaya inayokusanya sauti na picha kutoka kila chombo na kuzipeleka kwenye spika na TV.) Niliiuza. Nilipokwenda Kariakoo kutafuta nyingine nilimchukua mama, kwa sababu swali langu lilikuwa moja: ataiwasha mwenyewe?

Kinacholijibu swali hilo ni ARC na CEC, uwezo wa aina mbili unaopita kwenye HDMI, ule waya unaobeba picha na sauti pamoja. ARC ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, na TV nyingi za sasa zinayo. Kwa ARC, waya mmoja wa HDMI unapeleka picha kwenye TV, na huohuo unairudisha sauti ya TV kwenye risiva. CEC ndiyo inayofanya vyombo vipashane habari: ukiwasha TV risiva inaamka, ukipandisha sauti kwa rimoti ya TV zinapanda spika kubwa. Kila kampuni inaiita kivyake. Samsung ni Anynet+, LG ni SimpLink, Sony ni Bravia Sync. Iwashe kwenye menyu ya TV, kisha kwenye menyu ya risiva pia. Nawajua watu waliorudisha risiva nzima dukani kumbe waya ulichomekwa tundu lisilo lake. Kwa kawaida TV ina tundu moja tu lenye maandishi ARC; upande wa risiva, waya unatoka HDMI OUT.

Kwa hiyo dukani omba waiunganishe na TV, halafu mpe rimoti ya TV yule wa nyumbani kwako asiyependa mambo ya nyaya. Muuzaji alitaka kumwelekeza mama, nikamwomba amwache. Duka la kwanza mama alishindwa. La pili akabonyeza kitufe chekundu, vyote viwili vikawaka, akapandisha sauti na kunitazama. Kabla ya kulipa nikachomoa waya wa umeme, nikasubiri kidogo, nikachomeka tena. Ilikumbuka kila kitu. Kwa umeme wetu unaokatika bila taarifa, jaribio hilo usiliruke.

Kama nyumba ina king'amuzi na gemu ya watoto, vitufe vya njia ya mkato vinasaidia sana. Risiva nyingi za Yamaha zina SCENE, za Denon zina Quick Select. Unabonyeza mara moja tu, inahamia kwenye chombo unachotaka.

Wati zisikusumbue. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sebule ya mita nne kwa tano inatosheka na wati 50 za kweli kwa kila spika, na zile maelfu za PMPO (namba za kukuza tu za matangazo) zilizoandikwa kwenye boksi usizihesabu. Pesa itakayobaki nunua spika nzuri ya katikati, inayokaa chini ya TV. Kwenye filamu za 5.1, yaani zenye sauti ya spika tano na moja ya besi, maneno ya watu kwa sehemu kubwa hutokea hapo. Mzee akilalamika kwamba muziki unafunika maneno, msikilize, kisha pandisha spika hiyo kwenye menyu.

Ukinunua iliyotumika, geuza nyuma usome lebo. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120, na umeme wetu ni 230.

Nyumbani nilibadili majina ya matundu kwenye menyu. HDMI 1 sasa inasomeka DISHI, HDMI 2 inasomeka GEMU. Mama anatumia rimoti ya TV kwa sauti na ya king'amuzi kwa chaneli. Ile ya risiva iko kwenye droo ya kabati, betri nimezitoa.