Kabla hujaongeza neno, itazame Blade Runner

Ndugu yangu unayeanza kuhariri filamu, nakuandikia jambo ambalo mimi nililijua nimeshachelewa. Miaka yangu ya mwanzo kazini niliogopa sana ukimya. Mwigizaji akinyamaza sekunde nne tu, mkono ulikuwa umeshafika kwenye kipanya: naweka muziki, naweka sauti ya msimulizi, au nakata kabisa nakwenda kwenye sura nyingine. Filamu fupi ya kwanza niliyolipwa niliijaza maelezo mwanzo mwisho. Mwongozaji aliitazama yote bila kusema kitu, kisha akaniuliza kwa upole: "Hawa waigizaji wamefanya kazi. Mbona hutaki waonekane?"

Kilichonifundisha kujibu swali hilo ni Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982. Siichagui kwa sababu haina makosa, inayo. Naichagua kwa sababu ina matoleo kadhaa yanayotofautiana, na ukiweka pamoja lile la 1982, la 1992 na la 2007, kazi ya mhariri inaonekana waziwazi, kama nguo iliyogeuzwa ndani nje ukaona mishono yake.

Kama bado hujaiona: ni Los Angeles ya kubuni, Novemba 2019, jiji la mvua na moshi. Replikanti, watu waliotengenezwa ili wafanye kazi za hatari kwenye sayari nyingine, wamepewa umri wa miaka 4 tu. Wachache wametoroka wakarudi duniani, na Deckard, anayeigizwa na Harrison Ford, anatumwa kuwaua. Hayo yanatosha kuanzia.

Anza na sini (tukio moja la filamu) ya Leon, mmoja wa replikanti waliotoroka, anapohojiwa ili ijulikane kama ni mtu wa kawaida, karibu kabisa na mwanzo. Watu wawili, meza moja, feni inazunguka juu, moshi wa sigara umetanda. Mezani kuna mashine yenye mivukuto inayopanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa, na jicho la Leon linaonekana kubwa kwenye skrini. Mhojaji anasoma maswali kwa sauti ya mtu aliyechoka. Uko jangwani, unamkuta kobe, unampindua chali. Tumbo linaungua kwa jua, hawezi kujigeuza bila wewe, nawe humsaidii. Kwa nini? Leon anahangaika, anauliza maswali ya ajabu ajabu, anataka kujua ni jangwa gani. Kisha anaulizwa kuhusu mama yake, na risasi inatoka chini ya meza.

Mara ya kwanza nilidhani utamu wa sini hii ni risasi. Nikairudia nikiwa nimezima sauti, ndipo nikaona kwamba hofu yote iko kwenye uso wa anayesikiliza. Swali linaendelea kusomwa, lakini sisi tumebaki na Leon, tunamwona swali likimwingia. Kwa hiyo unapokuwa na watu wawili wanaozungumza, acha tabia ya kumfuata kila anayefungua mdomo. Jiulize ni nani anayeumizwa na maneno hayo, kisha kaa naye. Na risasi nayo inafika kabla hujajiandaa kwa sababu hakuna muziki uliokutangulia kukuonya.

Sini ya picha ya nyumbani, Deckard anapoiamuru mashine iingie ndani ya picha hatua kwa hatua, itazame pia kwa ajili ya subira yake.

Halafu nenda kwenye kifo cha Zhora, replikanti mwingine aliyetoroka. Anakimbia barabarani akiwa na koti la mvua linaloonyesha ndani, Deckard anampiga risasi kwa nyuma, naye anapasua vioo vya duka kimoja baada ya kingine, polepole, pembeni kukiwa na masanamu ya kuvalishia nguo. Mhariri mwingine angeweka muziki wa ushindi, maana shujaa amefanikiwa. Hapa muziki wa Vangelis, mtunzi wa muziki wa filamu hii, ni wa msiba. Ndiyo maana hata leo ukiitazama hujisikii umeshinda chochote. Umeona mwanamke aliyekuwa anataka kuishi akiuawa akikimbia. Katika toleo la 1982 ukisimamisha picha unaona wazi kwamba anayepasua vioo ni mwigizaji mbadala aliyevaa wigi. Mwaka 2007 uso wa Joanna Cassidy mwenyewe, aliyemwigiza Zhora, ukawekwa kwa kompyuta. Nimefurahi walirekebisha, lakini sini hiyo ilikuwa imewauma watu miaka 25 ikiwa na wigi lile lile. Hisia ikishika, mtazamaji hana muda wa kuhesabu dosari.

Sasa tukae kwenye paa. Roy Batty, kiongozi wa replikanti, amemfukuza Deckard mpaka ananing'inia kwenye boriti, mkono unateleza. Roy anamdaka na kumvuta juu. Kisha anakaa chini kwenye mvua, njiwa mkononi, na kwa maneno machache anataja aliyoyaona mbali huko angani, ambayo yote yatapotea kama machozi mvuani. Anainamisha kichwa. Njiwa anaruka.

Maneno hayo kwenye skripti yalikuwa marefu zaidi. Rutger Hauer, mwigizaji mwenyewe, aliyapunguza na kuongeza ule mstari wa machozi. Yaani mtu aliyepewa hotuba ya kifo, nafasi ambayo kila mwigizaji anaililia, akachukua kalamu akaifupisha. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikiwa mezani usiku, na kila mara hunipa ujasiri wa kukata mistari ninayoipenda.

Lakini itazame sini hiyo katika toleo la 1982. Kichwa kimeinama, mvua inanyesha, nasi tunataka kubaki na maiti ile. Inaingia sauti ya Deckard ikitueleza kwamba huenda Roy alimwokoa kwa kuwa saa ile aliupenda uhai kuliko wakati wowote. Sauti hiyo ya msimulizi ilitiwa kwa sababu watu wa studio waliogopa watazamaji hawataelewa. Mwaka 1992 ikaondolewa. Picha ni ile ile, mwigizaji ni yule yule, lakini sasa swali la kwa nini amemwokoa linabaki kwako, unaondoka nalo.

Usidhani nakufundisha kuondoa tu. Toleo hilo hilo la 1992 liliongeza sekunde chache: Deckard kwenye piano, kisha farasi mweupe mwenye pembe moja akikimbia msituni. Hakuna neno. Toleo la 1982 linaisha kwa safari ya milima ya kijani, nyingine zikiwa picha za angani zilizobaki kutoka filamu ya Stanley Kubrick, na mtu anaeleza kila kitu. La 1992 halina safari. Deckard anatoka na Rachael, replikanti anayempenda, anaona sakafuni kikaratasi kinachometameta kilichokunjwa umbo la farasi mwenye pembe moja, anakiokota, anakitazama, anatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyeelewa. Anaingia kwenye lifti, na mlango unafunga.