Kabla ya Kununua Runinga, Uliza Taa Iko Wapi

Safari hii barua za runinga zimezidi za simu, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nichukue ipi? Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwingine.

Swali: Dukani nimeonyeshwa runinga tatu zimepangwa pamoja. Moja imeandikwa LED, ya pili QLED, ya tatu OLED. Muuzaji anasema ni ngazi: nzuri, nzuri zaidi, na nzuri kupita zote. Ni kweli?

Jibu: Si ngazi tatu. Ni koo mbili, na ukoo mmoja umepewa majina mawili.

LED na QLED zote ni LCD. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Ndani yake kuna fuwele za kimiminika ambazo hujipinda zikipitishiwa umeme, zikauachia mwanga upite au zikauzuia, mithili ya mapazia madogo mno. Mwanga unatoka kwenye taa zilizo nyuma ya kioo. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba, ndugu wa zile tyubu za darini. Baadaye mirija ikaondolewa zikawekwa taa za LED, na watengenezaji wakaona jina jipya linauza kuliko la zamani. Kwa hiyo "runinga ya LED" ni LCD iliyobadilishiwa taa, basi.

QLED ni hiyohiyo LCD, ila imeongezewa utando wenye chembe ndogo sana ziitwazo nukta za kwantamu. Taa ya nyuma hutoa mwanga wa buluu. Mwanga huo ukizipiga chembe hizo, zile kubwa kidogo hutoa nyekundu na zile ndogo hutoa kijani. Rangi zinazopatikana ni safi kuliko za LCD ya kawaida. Elimu ya chembe hizo si porojo ya matangazo: Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kuzigundua na kuzitengeneza. Jina QLED, hata hivyo, ni la sokoni. Samsung walilishika mwaka 2017, na herufi zake kufanana na OLED sidhani kama ni bahati tu.

OLED ndiyo ukoo wa pili. Hapa hakuna taa ya nyuma kabisa. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, inajiwakia yenyewe, kwa kemikali zenye kaboni zinazong'aa zikipitishiwa umeme. Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak ndio waliotangaza njia ya kuifanya ifae kutumika, mwaka 1987, lakini runinga ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa, Sony XEL-1, ilikuja mwaka 2007 ikiwa na inchi 11 tu. Palipo giza kwenye picha, pikseli za pale zinazima. Nyeusi inakuwa nyeusi tii, na nyota iliyo jirani yake inang'aa bila kuupaka mwanga weusi ulioizunguka.

Ukifika dukani, majina yaache kwenye boksi. Uliza taa iko wapi: nyuma ya kioo, au ndani ya kila pikseli?

Swali: Basi OLED ndiyo bora, mjadala umekwisha?

Jibu: Chumba chako kikiwa na giza, karibu umekwisha. Kikiwa na dirisha kubwa linaloitazama runinga, ndiyo kwanza umeanza.

OLED hung'aa vizuri sana kwenye kipande kidogo cha picha: mshumaa, taa ya gari, mwezi. Kioo kizima kikitakiwa kiwe cheupe kwa wakati mmoja, mathalani mchezo unaochezwa juu ya theluji, runinga hujipunguza yenyewe isije ikapata joto na kula umeme mno. Mchana wenye jua utaiona picha imefifia. LCD yenye taa nyingi nyuma haina shida hiyo. Inaweza kuushikilia mwangaza kioo kizima. Na ule weusi tii uliolipia, jua likimwagika juu ya kioo, hutauona. Vioo vingi vya OLED yenye nukta za kwantamu, vilivyoingia sokoni mwaka 2022, hata huelekea rangi ya kijivu chenye zambarau pale taa ya chumbani inapovipiga.

Jambo jingine ni mahali watu wanapokaa. LCD zina aina mbili kuu za kioo. Aina ya VA ina weusi mzuri, tofauti ya nyeupe na nyeusi ikifika elfu tatu kwa moja au zaidi, lakini anayekaa pembeni anaona rangi zimepauka. Aina ya IPS inamtendea haki wa pembeni, ila weusi wake ni wa kijivujivu, kama elfu moja kwa moja. OLED inafaa kwa wote wawili. Kwa hiyo familia inayojitandaza chumba kizima na kutazama usiku, OLED. Mtu mmoja au wawili waliokaa katikati, mchana, na mapazia wazi, LCD yenye kioo cha VA na taa kali. Boksini mara nyingi hawaandiki VA wala IPS, basi fanya hivi: simama mbele ya runinga, kisha sogea hadi pembeni kabisa huku ukiitazama sura ya mtu. Ikipauka, umeshajua.

Swali: Kwangu chaneli ya habari inakesha, na ule mstari wa chini haukomi kupita. Nimesikia OLED inaungua. Niogope?

Jibu: Wewe, ndiyo, ogopa kidogo. Wengine wengi wasiogope.

Neno "kuungua" linatisha kuliko jambo lenyewe. Hakuna kinachoshika moto. Kemikali za OLED huchakaa kadiri zinavyowaka, na ile ya buluu huchakaa upesi kuliko nyingine. Pikseli zote zikichakaa kwa usawa hutagundua. Lakini nembo ya chaneli ikikaa kona ileile saa nyingi kila siku, pikseli za pale zitachoka mapema kuliko majirani zake, na siku ukiweka picha ya rangi moja utaiona nembo kama kivuli kisichofutika. Ni uchakavu unaojilimbikiza, kwa hiyo saa mbili za habari zikifuatwa na filamu na mpira hazina neno. Saa kumi na mbili za chaneli moja kila siku ni habari nyingine.

Runinga za sasa zina ulinzi wake. Picha husogezwa pikseli chache bila wewe kujua, nembo hupunguziwa mwanga, na baada ya saa kadhaa za matumizi runinga hujipima na kurekebisha pikseli zilizochoka. Hapo ndipo watu wengi waangalifu wanapojiharibia: kazi hiyo hufanyika *baada* ya kuizima kwa rimoti, ikiwa bado imo kwenye umeme. Mtu anayezima kwa rimoti kisha akachomoa plagi papo hapo, kila usiku, anainyima nafasi hiyo. Iache kwenye umeme ijimalize kwanza. (Radi ikinguruma, chomoa. Usije ukasema mimi ndiye niliyekuambia uiache.)

Kwa matumizi yako, nunua LCD. Mwaka wa tatu utalala usingizi.

Swali: Mimi ni mstaafu na runinga yangu ni ya plasma. Nzito kama jiwe lakini picha yake naipenda. Vijana wangu wananicheka. Niibadilishe?

Jibu: Shikamoo mzee. Wanaokucheka hawajui walichokosa.

Plasma ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, kwa ajili ya kompyuta za kufundishia. Ndani ya kioo chako kuna vijumba vidogo vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa miali ya urujuanimno, nayo hupiga unga unaong'aa kwa rangi tatu. Kila kijumba kinajitolea mwanga wake, ndiyo maana weusi na mwendo wa picha vilizishinda LCD za wakati ule. Kwa mantiki hiyo OLED ni mjukuu wake kuliko LCD.

Plasma haikushindwa kwa picha. Ilishindwa kwa umeme ilionyonya, kwa uzito, kwa joto, na kwa sababu haikuweza kung'aa dukani chini ya taa kali kama LCD iliyowekwa jirani yake. Panasonic waliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata. Inayofanya kazi itumie. Ikiharibika kioo usiitafutie kingine. Ukipenda picha ya namna ile, OLED ndiyo itakayokukumbusha.

Swali: Mini-LED ni kitu gani tena? Nimechoka na majina.

Jibu: Hata mimi. Hii ni LCD, lakini jina lake angalau lina kazi.

Taa za baadhi ya LCD hupangwa pembezoni mwa kioo, mwanga ukasambazwa na bamba. Zikitakiwa kuzima mahali pamoja tu, haziwezi. Nzuri zaidi hutandazwa nyuma nzima na kugawanywa katika kanda. Kanda yenye giza inapunguzwa, yenye mwanga inaongezwa. Mini-LED ni taa hizohizo zilizofanywa ndogo zikawa maelfu, hivyo kanda zinaweza kufika mamia au hata maelfu. TCL walianza kuuza runinga za namna hiyo mwaka 2019.

Kasoro yake utaiona kwenye maandishi meupe juu ya giza, yale ya tafsiri ya filamu: kila neno linavaa ukungu wa mwanga, kwa sababu kanda moja ina pikseli elfu nyingi na haiwezi kuwasha herufi bila kuwasha jirani zake. Kanda zikiwa nyingi ukungu unapungua. Uliza idadi ya kanda. Muuzaji asiyeijua akutafutie. Kwa chumba chenye mwanga mwingi, mimi ningechukua Mini-LED nzuri kabla ya OLED, na ningeacha 8K, kioo chenye pikseli nyingi kupita 4K na Full HD, kwa wenye fedha za kuchezea.

Swali: Ulisema nini kuhusu 8K?

Jibu: Hesabu fupi. Runinga ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Jicho zima la binadamu haliwezi kuzitenganisha pikseli za Full HD (1,920 kwa upana) kwenye kioo hicho ukikaa zaidi ya mita 2.2, na za 4K (mara mbili ya hizo kwa upana) ukivuka mita 1.1. Ili 8K ianze kukupa kitu, ukae chini ya mita 1.1, na kuifaidi yote ukaribie nusu mita. Fedha hiyo ongeza ukubwa. Kutoka inchi 55 kwenda 65 eneo la picha linakua kwa asilimia 40, na hilo utaliona hata bila miwani.

Swali: Nimenunua mpya, filamu zote zinaonekana kama tamthilia za mchana. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Si mbovu. Runinga inabuni picha ambazo hazikupigwa. Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde; runinga inajaza nyingine katikati ili mwendo ulainike, na ule ukubwa wa sinema unapotea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kinachotaja kulainisha mwendo, zima. Ukiwa humohumo, toka kwenye hali ya picha kali, iliyowekwa ili ishindane na taa za dukani, uweke ile ya filamu. Siku mbili za kwanza utaiona ya njano. Vumilia, macho yatazoea.

Kioo cha Hz 120, yaani kinachobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kina faida hapa, kwa sababu 24 inaingia mara tano kamili ndani ya 120, wakati kwenye 60 baadhi ya fremu hurudiwa mara mbili na nyingine mara tatu, mwendo ukakwaruza. Ila nambari kubwa za boksini, 240 na kuendelea, mara nyingi ni za matangazo. Uliza Hz halisi za kioo.

Swali: LCD yangu ina sauti lakini picha hakuna. Fundi anasema kioo kimekufa. Ninunue nyingine?

Jibu: Kabla hujampa mkono wa buriani, subiri usiku, zima taa za chumba, iwashe, umulike kioo kwa tochi ukiwa karibu na kwa pembe. Ukiona picha hafifu sana inatembea, kioo ni kizima. Kilichokufa ni taa za nyuma, au saketi inayozilisha umeme. Taa hizo zimeunganishwa kwa mistari. Moja ikikatika, mstari mzima unazima. Fundi anayejua kazi yake anazibadilisha, na mwambie abadilishe mistari yote, si ule mmoja, kwani zilizobaki zina umri uleule. Kisha punguza mwangaza wa taa kwenye mipangilio. Joto ndilo lililozimaliza.

Ukiona mipasuko inayotawanyika kama utando wa buibui, au doa jeusi la wino, hapo fundi wako ana haki. Na kama ni OLED, tochi haitakusaidia kitu, maana hakuna taa nyuma ya kutafutwa.