Klabu ya GSA imefungwa Texas: ya kwetu nayo itafuata?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Tunaishi Houston, na binti yangu yuko darasa la kumi katika shule ya serikali. Mwaka huu wa masomo ameniletea fomu nitie sahihi ndipo aendelee na klabu ya wanafunzi Waislamu. Zamani hatukuwahi kuombwa sahihi. Ananiambia pia kwamba klabu ya GSA, ile ya wanafunzi mashoga na wenzao wanaowaunga mkono, imefungwa kwa sababu ya sheria mpya ya jimbo. Mimi nina msimamo wangu wa dini juu ya mambo hayo, lakini najiuliza: wakiweza kuifunga ile, ya kwetu itasalimika? Na nilisikia kuna sheria ya nchi nzima inayokataza shule kubagua klabu. Swali la mwisho: mwalimu mlezi wao ni Muislamu. Anaruhusiwa kuswali nao? – Mama Salma

JIBU: Mama Salma, nzuri, ahsante. Nianze na fomu, maana hiyo ni nyepesi. Itie sahihi kama umeridhika. Sheria ya Texas iitwayo SB 12, iliyotiwa sahihi na Gavana Greg Abbott mwaka 2025 na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo, inaitaka shule ipate ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla mtoto hajajiunga na klabu yoyote. Si Waislamu peke yao, hata wacheza chesi wamepewa fomu hiyo. Utah walipitisha sharti kama hilo tangu 2007. Madhali linawahusu wote kwa usawa, silioni kama ubaguzi, ingawa kwa mtoto ambaye hawezi kumwambia mzazi wake anahudhuria mkutano gani, fomu hiyo ni mlango uliofungwa. Na hilo waliotunga sheria wanalijua.

Kwenye GSA ndipo penye kazi. SB 12 inasema wilaya ya shule isiidhinishe wala isidhamini klabu ya wanafunzi iliyojengwa juu ya mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa kijinsia. Na umesikia sawasawa, ipo sheria ya Bunge la Marekani inayosema kinyume: Sheria ya Fursa Sawa, iliyosainiwa na Rais Reagan Agosti 1984. Historia yake inachekesha kidogo. Walioipigania zaidi ni Wakristo waliotaka watoto wao wakutane shuleni kusoma Biblia. Lakini ili ipite Bungeni na isipigwe chini mahakamani, iliandikwa kwa upana: shule isimnyime mwanafunzi nafasi ya kukutana kwa sababu ya maudhui ya mazungumzo yao, yawe ya dini, ya siasa, ya falsafa au mengineyo. Hilo neno la mwisho ndilo GSA zimeingilia.

Sasa, sheria hiyo haimlazimishi mwalimu mkuu kufungua klabu hata moja. Inaanza kumbana pale tu shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu inaporuhusu klabu moja isiyohusiana na mtaala ikutane ndani ya shule nje ya muda wa vipindi. Akishairuhusu hiyo moja, hawezi tena kuchagua nyingine kwa kuangalia zinazungumza nini. Kwa hiyo mimi ninapoletewa shauri la namna hii, siulizi kwanza klabu iliyokataliwa ni ya nani. Naomba orodha ya klabu zilizokubaliwa.

Orodha hiyo ndiyo iliyoamua kesi kubwa kuliko zote katika eneo hili. Januari 1985, huko Omaha, Nebraska, msichana aitwaye Bridget Mergens aliomba kuanzisha klabu ya Kikristo katika shule ya Westside. Akakataliwa. Shule ilikuwa na klabu kama 30, ikiwemo ya chesi na ya kuzamia majini, na mawakili wake wakashikilia kwamba zote zinahusiana na mtaala: chesi inanoa akili ya hesabu, kuzamia kunaendana na somo la kuogelea. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo kwa kura 8 kwa 1. Jaji Sandra Day O'Connor alieleza kwamba klabu inahusiana na mtaala ikiwa somo lake linafundishwa kweli darasani au litafundishwa karibuni, ikiwa inahusu masomo yote kwa jumla, ikiwa mwanafunzi wa somo fulani analazimika kushiriki, au ikiwa inampatia alama za kitaaluma. Klabu ya Kifaransa mahali panapofundishwa Kifaransa, sawa. Kuzamia, hapana, kwa sababu hakuna aliyekuwa akifundisha kuzamia. Na chesi hivyohivyo. Ingekuwa kila kinachonoa akili ni mtaala, shule ingeita mtaala chochote inachokipenda na sheria ingebaki karatasi.

Tazama pia alichopewa Mergens. Hakupewa chumba tu. Klabu inayotambuliwa Westside ilitumia gazeti la shule, mbao za matangazo, kipaza sauti na maonyesho ya klabu ya kila mwaka. Binti yako akiambiwa “kutaneni, lakini msibandike tangazo,” huku klabu nyingine zinabandika, hapo pana kesi.

Miaka sita baadaye njia hiyo ya Wakristo ikapitiwa na wengine. Wanafunzi wa shule ya East High, Salt Lake City, jimboni Utah, waliomba GSA. Bodi ya shule ilishauriwa kwamba haiwezi kuikataa peke yake, basi Februari 1996 ikazifuta klabu zote zisizo za mtaala. Kisheria uamuzi huo unakubalika: ukiifunga milango yote, hujabagua. Ila ni lazima uifunge kweli. Mwaka 1999 jaji aligundua kwamba katika mwaka wa masomo wa 1997–98 klabu moja isiyo ya mtaala ilikuwa imeruhusiwa kuendelea, na hiyo moja ikatosha kuitia bodi hatiani kwa kipindi hicho. Mwaka 2000 bodi ikazirudisha klabu. Boyd County, Kentucky, nao walijaribu kufunga zote baada ya wazazi na wanafunzi kuipinga GSA kwa maandamano na kususia masomo, lakini huku klabu nyingine zikiendelea kukutana. Mwaka 2003 mahakama iliamua kwamba vurugu zilizoletwa na wanaoipinga klabu si sababu ya kuinyima klabu yenyewe nafasi.

Usidhani GSA hushinda kila mara. Lubbock, hukohuko Texas, wilaya ilishinda mwaka 2004. Mahakama ilitazama tovuti ya kundi lililoomba, ikaona viungo vya kwenda kwenye mambo ya ngono ya wazi, na wilaya ilikuwa na sera ya kuwafundisha wanafunzi kujizuia na ngono tu. Sheria ya 1984 inaiachia shule mamlaka ya kulinda nidhamu na ustawi wa wanafunzi, na hapo ndipo Lubbock walipojishikiza. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa imetegemea sana jinsi wale wanafunzi walivyojieleza, na sidhani inafaa kunyooshwa mpaka iguse kila GSA.

Hivyo basi Texas ya leo haijafanya kama Salt Lake City. Haikufunga zote. Imechagua aina moja kwa mada yake, na kuiachia chesi, Biblia na Waislamu. Kifungu cha sita cha Katiba kinaweka sheria ya nchi juu ya sheria ya jimbo zinapogongana, na hapa zinagongana uso kwa uso, angalau kwa shule za sekondari. Shule za msingi hazimo katika sheria ya 1984. Agosti 2025 shauri lilifunguliwa mahakama ya shirikisho dhidi ya kamishna wa elimu na wilaya za Houston, Katy na Plano. Mwalimu mkuu aliye katikati simlaumu sana: jimbo linamwamuru hivi, Bunge la Marekani vile, na mshahara wake hautoki Washington. Zaidi ya hapo, sheria ya 1984 yenyewe inakataza kuinyima shule fedha za serikali kuu kwa kuivunja, kwa hiyo mwenye malalamiko hana budi kwenda mahakamani.

Kuhusu ya kwenu: SB 12 haiigusi. Lakini hofu yako ina msingi kisheria, kwa sababu ngao ya klabu ya binti yako ni kifungu kilekile GSA inachokitegemea. Mahakama ikisema jimbo linaweza kutoa mada moja kwenye orodha, hoja hiyo itakuwa mezani kwa yeyote atakayetaka kutoa nyingine. Kwa sasa chukua orodha ya klabu za shule hiyo na uihifadhi, na lolote wakikataza waombe waliandike.

Mwalimu mlezi aweza kuwepo, afungue chumba, aangalie usalama. Ila sheria ya 1984 inataka mtumishi wa shule aliyepo kwenye mkutano wa kidini asishiriki, kwa hiyo asiwaswalishe wala asiswali nao katika mkutano wa klabu. Sala yake mwenyewe aisali pembeni. Imamu wa msikitini kwenu naye anaweza kualikwa mara mojamoja kama shule inaruhusu wageni kwa klabu nyingine, mradi asiwe yeye anayeiendesha klabu au anayeonekana pale kila Ijumaa.