Choo kigumu kwa mtoto wa maziwa ya kopo

Pole sana mama wa Igoma, Mwanza. Unasema mwanao wa miezi miwili, tangu aanze maziwa ya kopo, anajikunja, anatema maziwa, na choo kinatoka kama cha mbuzi. Mimi ningeanza na kijiko cha kupimia unga wa maziwa. Umeandika unakijaza kwa kilima “ashibe usiku”. Nadhani shida iko hapo. Unga ukizidi, choo kinakauka. Tumia kijiko cha kopo hilohilo, ukisawazishe kwa mgongo wa kisu kisafi, na pima maji kwanza kwenye chupa ndipo unga uingie.

Maji, ya bomba au ya ziwani, yachemshe. Koroga unga humo kabla nusu saa haijapita tangu yachemke, kisha pooza chupa hadi yawe vuguvugu. Anayobakiza mwaga, hata kama bei inauma (na inauma kweli).

Mlishe akiwa ameinuka kidogo, mcheulishe katikati. Bibi akileta uji mwepesi au dawa ya chango, mshukuru, usimpe mtoto.

Akitapika rangi ya kijani, choo kikiwa na damu, akipata homa au mkojo ukipungua, usingoje kukuche: mpeleke hospitali, Sekou Toure au Bugando.